Mwongozo wa kuzuru Pushkar: ziwa, mahekalu na puja ya ghatini, hatua kwa hatua

Kila Diwali inapokaribia, maswali huanza kumiminika, na ni yaleyale. Asiye Mhindu anaruhusiwa kuingia hekaluni? Nivae nini? Yule bwana aliyenipa ua bure kisha akanidai rupia elfu tano, ni kuhani kweli? Ngamia wanakuja lini? Wanaouliza ni vijana wetu wanaosoma India, wazazi wanaokuja kwenye mahafali yao, na watu wa ziara ya Ajmer, mji jirani, walioambiwa kwamba nyuma ya mlima kuna mji mtakatifu wa Wahindu. Nimeona niyajibu mahali pamoja, kwa kufuata siku yenyewe itakavyokwenda.

Pushkar ni mji mdogo wa jimbo la Rajasthan. Sensa ya 2011 ilihesabu wakazi elfu 21 na ushei. Katikati kuna ziwa, na ziwa limezungukwa na ngazi za mawe zinazoteremka hadi majini. Kila sehemu ya ngazi hizo huitwa ghati, na ghati ziko 52. Watu huja hapa na majivu ya wazazi wao. Wengine huja kutimiza nadhiri ya mtoto waliyemwomba miaka mingi, wengine kuoga tu ili dhambi ziwatoke. Ukiingia mjini ukilijua hilo, mengi yatakayofuata utayaona ni ya kawaida.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Pasipoti yenye viza, ile halisi, pamoja na nakala mbili. Kila nyumba ya wageni inalazimika kumwandikisha mgeni wa nje kwa serikali, na baadhi ya zile za bei rahisi hazina kibali cha kupokea wageni wa nje kabisa. Piga simu uulize kabla hujalipa.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kama unatokea Kenya, Uganda au Kongo. Sindano iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kufika India. Mtanzania anayeunganisha ndege Nairobi au Entebbe naye asikiache nyumbani.
- Noti ndogo za rupia 10, 20, 50 na 100, nyingi. Ukitoa noti ya 500 ghatini usitegemee chenji.
- Nguo zinazofunika mabega na magoti, kwa mwanamke na mwanamume vilevile. Kanga moja ndani ya mkoba ni msaada mkubwa: utajifunika mabega hekaluni, utajitandia kichwani ukienda gurudwara, hekalu la Masingasinga, au dargah ya Ajmer, yaani kaburi la walii, na utaikalia ghatini.
- Ndala au viatu vya kuvua upesi. Siku nzima utakuwa unavua na kuvaa.
- Mfuko mdogo wa kitambaa. Mkanda na pochi ya ngozi viache chumbani. Ngozi haipendwi ndani ya hekalu.
- Sweta, kuanzia Novemba hadi Februari. Mchana jua linachoma, usiku baridi ya jangwani inauma.

Nyama, mayai na pombe havibebwi. Mji mzima ni wa mboga, na marufuku hiyo inahusu pia nyama ya kopo uliyoletewa kutoka nyumbani.

Kisa chenyewe kwa ufupi

Usiposikia kisa hiki hutaelewa kwa nini kuna hekalu bondeni na mengine mawili vilimani. Wahindu husimulia kwamba Brahma, mungu muumbaji, aliangusha ua la yungiyungi, na maji yakabubujika pale petali zilipoangukia. Akaamua kufanya kafara ya moto mahali hapo usiku wa mwezi mpevu. Kafara hiyo ilihitaji mke awe ubavuni pake, lakini mkewe Savitri alichelewa akiwasubiri wenzake. Saa njema ilikuwa inapita. Brahma akamwoa binti wa wafugaji, Gayatri, na kafara ikaendelea. Savitri alipofika na kukuta kiti chake kimekaliwa, alimlaani mumewe: hutaabudiwa popote ila hapa. Kisha akapanda kilimani akakaa huko.

Waongoza wageni watakwambia hili ndilo hekalu pekee la Brahma duniani. Sivyo, yapo mengine machache India. Ila hili ndilo mashuhuri kuliko yote, na ukilinganisha na mahekalu yasiyohesabika ya Vishnu na Shiva, uchache huo wenyewe unashangaza.

Hatua ya 1: Chagua siku

Kama unataka utulivu, njoo kati ya Desemba na Februari, siku za katikati ya wiki. Aprili hadi Juni joto hupita nyuzi 40, na marumaru ya hekalu huunguza nyayo.

Kama unataka sikukuu yenyewe, ile yenye soko la ngamia, hesabu siku 15 kuanzia Diwali. Siku hiyo ni mwezi mpevu wa Kartik, mmoja wa miezi ya kalenda ya Kihindu, na kwa kawaida huangukia Novemba. Hapa ndipo wengi hukosea: hukata tiketi ya siku ya mwezi mpevu wakidhani watawakuta ngamia. Wafugaji hufika mapema, hufanya biashara yao ya ngamia na farasi siku za mwanzo, na wengi huwa wameshaondoka kilele kinapofika. Siku tano za mwisho ni za mahujaji wanaokuja kuoga ziwani. Ukitaka ngamia, fika angalau wiki moja kabla ya mwezi mpevu. Ukitaka kuona imani ya watu ilivyo, njoo siku tatu za mwisho na uvumilie msongamano. Mimi ningechagua hizi za mwisho.

Hatua ya 2: Fika Ajmer, kisha vuka mlima

Kutoka Delhi kuna treni za moja kwa moja hadi Ajmer, ikiwemo ile ya haraka, Shatabdi. Kutoka Jaipur panda basi. Ni safari ya takriban saa tatu. Ajmer na Pushkar zimetenganishwa na mlima Nag Pahar, na barabara ya kuupita haifiki kilomita 15. Basi la serikali ni la bei ndogo sana. Bajaji na teksi patana kabla ya kukaa.

Msafiri Mwislamu atataka kuanza na dargah ya Khwaja Moinuddin Chishti, aliyefariki mwaka 1236, ambayo iko papo hapo Ajmer. Vizuri, ila angalia kalenda: siku sita za mwanzo za Rajabu ni urs yake, maadhimisho ya kifo chake, na mji hufurika watu hadi vyumba vikosekane.

Hatua ya 3: Weka mizigo kabla ya kushuka ziwani

Usiende ghatini na begi mgongoni. Mtu mwenye begi anaonekana tangu mbali kuwa amefika sasa hivi, na wenye maua humjia huyo kwanza. Chukua chumba, oga, badilisha nguo, kunywa chai. Beba fedha utakayotumia siku hiyo tu, na sadaka uliyopanga kutoa uiweke mfuko wa peke yake.

Hatua ya 4: Teremka ghatini kwa adabu

Vibao vinaeleza: viatu vivuliwe futi 30 kabla ya maji, yaani kama mita 9. Usingoje kuambiwa. Vivue, vishike mkononi au viweke mfukoni. Sigara ni marufuku hapo.

Kamera ni jambo zito zaidi. Watu wanaooga huwa wamevua nguo za juu, wanawake wamelowa, na wengine wako katika msiba. Usipige picha ya mwogaji, hata kwa mbali, hata kama mwanga ni mzuri kiasi gani. Piga picha za majengo ukiwa kwenye mikahawa ya juu, ng'ambo ya maji.

Ghati tatu zina heshima ya pekee: Varaha, Brahma na Gau. Sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ililetwa kwenye ziwa hili, ndiyo maana utasikia Gau ikiitwa pia Gandhi Ghat. Ukitaka kukaa na kutazama tu, chagua ghati ndogo iliyo pembeni, kaa ngazi za juu, na utaachwa kwa amani.

Hatua ya 5: Puja ya ziwani

Hapa nakuomba usome polepole, maana karibu kila lalamiko ninaloletewa linatoka kwenye hatua hii.

Kwanza jiulize kama unataka kweli. Puja ni ibada. Kama imani yako haikuruhusu kushiriki, weka mkono kifuani, tabasamu na useme "nahi chahiye", yaani sihitaji. Hakuna atakayekasirika kwa haki. Na kama unataka kwa ajili ya picha tu, nakusihi uache, kwa sababu anayekuombea anamtaja mama yako kwa jina.

Ukiwa umeamua, fuata utaratibu huu:

a) Usipokee ua barabarani. Kijana atakwambia, "Chukua, bure, ukalitupe ziwani kwa bahati." Ua hilo ndilo linalokufikisha kwa mtu wake ghatini. Nenda mwenyewe, au mwombe mwenye nyumba uliyofikia akuelekeze kwa kuhani anayemjua. Msalimu "Namaste, Panditji".

b) Patana sadaka mkiwa bado mmesimama. Sema, "Nina rupia 200 kwa puja yote, kwa familia yote. Inatosha?" Akikataa, shukuru na uende kwa mwingine. Kwa maoni yangu, kati ya rupia 100 na 300 kwa puja fupi ni heshima ya kutosha kwa mgeni, ila anayetaka kutoa zaidi kwa moyo wake atoe.

c) Keti ngazi ya chini. Atakuwekea sahani ya bati yenye petali za waridi, maua ya rangi ya chungwa, punje za mchele, unga mwekundu, sukari, pengine na nazi. Atakumiminia maji kiganjani. Tumia mkono wa kulia kwa kila kitu.

d) Atasoma Kisanskriti vipande vipande nawe utarudia. Atauliza jina lako, la baba, la mama, ndugu, mwenzi. Kisha utamwaga maji na maua ziwani. Petali huelea kidogo karibu na ngazi, halafu samaki huja kuzidonoa kwa chini. Atakupaka alama nyekundu kwenye paji la uso na kubandika punje chache za mchele juu yake. Usizifute mara moja.

e) Mwisho atakufunga uzi mwekundu na wa manjano mkononi. Kwa desturi mwanamume hufungwa mkono wa kulia, mwanamke aliyeolewa wa kushoto. Uzi huu una faida ya ziada: wenye maua wakiuona, wengi hukuacha.

f) Toa sadaka mliyopatana, kwa mkono wa kulia, na umshukuru.

Tahadhari kubwa. Wapo wanaoingiza fedha katikati ya maombi. Unarudia maneno kwa utulivu, ghafla yanageuka Kiingereza: "Nitatoa rupia elfu moja kwa mama yangu, elfu moja kwa baba yangu." Usirudie. Nyamaza, fungua macho, sema kwa sauti ya kawaida, "Panditji, tulikubaliana 200." Usiogope vitisho vya mikosi. Kuhani wa kweli, ambaye ukoo wake umehudumia ghati hiyo vizazi na vizazi na ana madaftari ya majina ya familia anazozipokea, hana haja ya kumtisha mtu kwa afya ya mama yake. Na wako wengi wa namna hiyo. Huwaoni wakikimbilia wageni kwa sababu wana mahujaji wao wa kuwahudumia.

Hatua ya 6: Hekalu la Brahma

Liko magharibi mwa ziwa, mwisho wa barabara ya soko. Utalitambua kwa mnara wake mwekundu na sanamu ya bata bukini, kipando cha Brahma, juu ya lango. Hufunguliwa alfajiri, hufungwa mchana kama kuanzia saa 7 na nusu hadi saa 9, kisha hufungwa usiku. Saa hubadilika kidogo kwa majira. Nenda asubuhi kabla ya saa 3.

Wageni wa dini zote huruhusiwa kuingia. Mikoba na kamera huachwa nje, kwenye makabati ya kukodi. Muuza maua langoni atakwambia uache viatu kwake bure, kisha ukirudi utakuta bure hiyo ina kikapu cha maua cha rupia 200. Ama lipa rupia 10 au 20 kwa mtunza viatu, au nunua maua kwake kwa bei mliyoisema kabla.

Ndani, panda ngazi za marumaru, gonga kengele mara moja kama unaingia kwa ibada, na ufuate mkondo wa watu. Mzunguko daima ni wa kulia: sanamu iwe upande wa mkono wako wa kulia. Tazama sakafuni ukitembea. Kuna sarafu za fedha zilizopachikwa kwenye marumaru, nyingine na majina ya watu waliokumbukwa na jamaa zao. Brahma mwenye nyuso nne yuko ndani ya chumba kitakatifu. Wewe utasimama mbele ya kizingiti, utatazama kwa sekunde chache, kisha utasogezwa na foleni. Kutazamana huko na mungu ndiko mahujaji wanakokuja kutafuta, kwa hiyo usimzibe aliye nyuma yako.

Ukipewa kitu kitamu kiganjani, hiyo ni prasadi, chakula kilichotolewa kwanza mbele ya mungu. Kama huli, unganisha viganja na uiname kabla hujawekewa. Ikishafika mkononi usiitupe; mpe mtoto aliye karibu nawe.

Mahekalu mengine mjini yana vibao vinavyomzuia asiye Mhindu kuingia ndani. Ukikuta kibao, ishia hapo, na usimwombe mlinzi akufanyie njia ya mkato.

Kina dada huniuliza faraghani kuhusu siku za hedhi. Kwa desturi wanawake wa Kihindu hawaingii hekaluni siku hizo. Hakuna anayekagua, uamuzi ni wako, lakini sasa unajua wenyeji wanavyofanya.

Hatua ya 7: Panda kwa Savitri

Kusini-magharibi mwa mji kuna kilima chenye hekalu la mke aliyekasirika. Kwa miguu ni kama saa moja ya ngazi. Tangu 2016 kuna pia gari la kamba. Panda alfajiri. Ziwa lote litakuwa chini yako, na ng'ambo ya mji utaona kilima cha pili, cha Gayatri. Beba maji, na ufiche chakula kwa sababu ya nyani.

Hatua ya 8: Arati ya jioni

Jua linapokaribia kuzama, rudi ziwani, ghati ya Varaha. Makuhani huzungusha taa zenye ndimi nyingi za moto, kengele na ngoma zikilia. Fika mapema upate ngazi. Taa ikipitishwa kwa watu, wenyeji hupitisha viganja juu ya moto kisha huvipeleka usoni, na huweka rupia 10 au 20 sahanini. Si lazima.

Hatua ya 9: Kula

Usiondoke bila malpua, vitamu vya mji huu: ni kama vitumbua vilivyobapazwa, vikakaangwa kwa samli na kuzamishwa kwenye shira. Kula vikiwa moto. Nunua na gulkandi, petali za waridi zilizopikwa na sukari, maana mashamba ya waridi yako hapahapa.

Makosa yanayojirudia

- Kuvaa kaptula na kujitetea kwamba ni mtalii.
- Kushikana na kubusiana hadharani, hata kama mmeoana.
- Kukubali mkono upakwe hina na mwanamke uliyekutana naye njiani. Akishaanza kuchora, bei ni yake. Patana kwanza au kunja ngumi.
- Kuagiza lassi, kinywaji cha mtindi, iliyo "maalumu". Ina bangi, na huchelewa kupanda. Mtu huona haijafanya kitu, akaongeza ya pili.
- Kumnyooshea mtu, sanamu au moto nyayo ukiwa umekaa. Kunja miguu.

Ukikwama

*Ua limeshaingia mkononi.* Usilitupe chini. Liweke kwenye kibanda chochote cha mungu ukutani, viko kila kona, na uendelee na safari.

*Kuhani anadai zaidi na wenzake wamekusanyika.* Usitoe pochi. Weka kiasi mlichopatana kwenye sahani, simama, ungana na familia ya mahujaji iliyo karibu, na panda ngazi kuelekea sokoni. Wakikufuata, ingia dukani na umweleze mwenye duka. Wenyeji wanaona aibu kwa mambo haya.

*Ulishalipa elfu kadhaa jana.* Ni vigumu kurudishiwa. Mweleze mwenye nyumba ya wageni. Pengine anamjua mhusika, na neno lake lina uzito kuliko lako.

*Umekuta hekalu limefungwa.* Usikubali kupelekwa kwa "mlango wa nyuma". Kaa, kunywa chai, subiri saa 9.

*Viatu havipo.* Tazama rafu nzima kwanza, kwani husogezwa. Ikishindikana, ndala sokoni si ghali.

*Tumbo limeharibika.* Duka lolote la dawa lina ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Taja herufi hizo tu. Kunywa maji ya chupa iliyofungwa.

*Vyumba vimejaa wakati wa Kartik.* Lala Ajmer, uje asubuhi na basi la mapema. Magari huzuiwa kuingia mjini siku za kilele, kwa hiyo jiandae kutembea kipande cha mwisho.

*Umeibiwa au umetishwa.* Namba ya dharura India nzima ni 112. Ipo pia 1363, ya watalii, ambayo hujibu kwa Kihindi, Kiingereza na lugha nyingine kadhaa, ikiwemo Kiarabu. Zihifadhi kwenye simu kabla hujapanda basi la Ajmer.